Haki za mfanyakazi ofisi inapopunguza watu Turkana

MWAKA wa 2025 uliwapata vibaya wengi waliokuwa wakiishi kwa mshahara mjini Lodwar na Kakuma.

Serikali ya Marekani ilipokata misaada yake ya nje mapema mwaka huo, mashirika yanayowahudumia wakimbizi na wenyeji yalilazimika kupunguza wafanyakazi. Ofisi ndogo za wahasibu, mawakili na washauri ambazo wateja wake wakubwa ni mashirika hayo haziwezi kukwepa mtikisiko wa aina hiyo.

Wakati kama huo, swali la kwanza la mfanyakazi huwa ni moja: Je, mwajiri anaweza kunifuta kwa kusema tu kwamba fedha zimekwisha?

Jibu limo katika Sheria ya Ajira ya 2007. Sheria hiyo haimzuii mwajiri kupunguza watu kazi inapokosekana, lakini inamwekea masharti, na ofisi yenye watu watano inabanwa sawa na shirika la kimataifa.

Kwa mujibu wa kifungu cha 40, mfanyakazi asiye mwanachama wa chama cha wafanyakazi lazima aarifiwe yeye binafsi kwa maandishi, na afisa wa leba pia aarifiwe. Aliye mwanachama, arifa hupelekwa kwa chama chake na kwa afisa wa leba, ikieleza sababu na kiwango cha upunguzaji, angalau mwezi mmoja kabla.

Aidha, anayeondolewa anastahili kulipwa siku za likizo ambazo hajazitumia, notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi huo, na fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumikia.

Chukua mfano wa karani anayelipwa Sh30,000 kwa mwezi, ambaye ametumikia miaka minne kamili. Mshahara wake ukigawanywa kwa siku 30, siku 15 ni Sh15,000. Kwa miaka minne, fidia yake haiwezi kuwa chini ya Sh60,000, mbali na notisi na likizo.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni namna ya kuchagua atakayeondoka. Sheria inamtaka mwajiri azingatie muda ambao kila mmoja ametumikia, ujuzi wake, uwezo wake na jinsi anavyotegemewa.

Hapo ndipo mafanikio ya mfanyakazi yanapopata uzito wa kisheria. Mhasibu aliyefaulu mitihani yake ya taaluma, au karani aliyepandishwa cheo, ahakikishe kwamba mafanikio hayo yameandikwa katika faili yake. Pongezi za mdomo wakati wa chai haziwezi kuwasilishwa mahakamani.

Isitoshe, kifungu cha 10 kinamtaka mwajiri kurekebisha mkataba na kumjulisha mfanyakazi kwa maandishi pale masharti ya kazi yanapobadilika. Cheo kipya na mshahara mpya ni mabadiliko ya aina hiyo.

Baada ya kuondoka, mfanyakazi aliyetumikia angalau wiki nne mfululizo lazima apewe cheti cha utumishi. Cheti hicho huonyesha alipofanya kazi, aina ya kazi, siku aliyoanza na siku aliyomaliza. Hata hivyo, mwajiri halazimiki kuandika barua ya kumsifu.

Kuna tofauti ambayo inafaa kueleweka. Mkataba wa muda maalumu unapofika mwisho wake, mahakama zimeshikilia kwamba mfanyakazi hana haki ya moja kwa moja ya kuongezewa muda. Lakini ukivunjwa katikati kwa sababu mfadhili amejiondoa, masharti ya kupunguza wafanyakazi hutumika.

Vibarua nao wana kinga. Kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, sheria humhesabu kuwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi, na hawezi kufukuzwa bila notisi.

Wakimbizi wa Kakuma na Kalobeyei je? Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kuajiriwa, kufanya biashara au kufanya kazi ya taaluma ikiwa vyeti vyake vinakubalika nchini. Kibali chake cha kazi ni cha daraja M.

Hata hivyo, kwa miaka mingi wakimbizi wengi kambini wamefanya kazi kama walimu, wakalimani na wahudumu wa afya kwa malipo ya motisha, yaliyo chini sana ya mshahara wa Mkenya. Sheria ya Ajira inakataza ubaguzi kwa misingi ya uraia, na mjadala kuhusu malipo hayo ungali mkali.

Anayeona ameondolewa kwa njia isiyo ya haki anaweza kuwasilisha malalamishi kwa afisa wa leba katika muda wa miezi mitatu. Kesi nayo ifunguliwe kabla ya miaka mitatu kupita.

Wala si lazima kusafiri hadi Eldoret au Nairobi. Tangu 2018, mahakimu wa ngazi ya hakimu mkazi mwandamizi na kuendelea wameruhusiwa kusikiliza kesi za wafanyakazi ambao mshahara wao kwa jumla hauzidi Sh80,000 kwa mwezi. Mahakama ikiridhika kwamba mlalamishi alionewa, inaweza kuamuru alipwe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12.

Lakini madai hayo yote husimama juu ya karatasi: mkataba, hati za mshahara, barua za kupandishwa cheo na arifa ya kuachishwa kazi. Mfanyakazi asisubiri siku ya kufukuzwa ndipo aanze kuzitafuta, kwani wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari.