Kiswahili na Mlango wa Utabibu kwa Mwenye Gredi ya Chini: Mfano wa Migori na Homa Bay

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hata hivyo, kila matokeo ya mtihani wa kidato cha nne (KCSE) yanapotangazwa, wapo vijana wa Migori na Homa Bay wanaozika ndoto ya kutibu wagonjwa kwa sababu ya gredi moja tu. Makala haya yanafafanua jinsi mwenye gredi ya chini anavyoweza kuwa afisa wa kliniki, yaani tabibu, na nafasi ya Kiswahili katika safari hiyo.

Tabibu si daktari, lakini huchunguza mgonjwa, hutambua ugonjwa na kuagiza dawa. Katika zahanati nyingi za mashambani, yeye ndiye mgonjwa hukutana naye kwanza. Stashahada yake husomewa miaka mitatu, kisha mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Chuo cha Mafunzo ya Matibabu cha Kenya (KMTC), kilichoanza mwaka wa 1927, kina matawi Migori na Homa Bay.

Kwa kawaida, chuo kikuu hudai wastani wa C+ kwa shahada. Stashahada ya utabibu hudai C, pamoja na C katika baiolojia na C katika Kiingereza au Kiswahili, bila kusahau viwango vya kemia na vya hisabati au fizikia. Neno "au" hapa lina uzito mkubwa: aliyeanguka Kiingereza huweza kuokolewa na Kiswahili.

Fauka ya hayo, tangu KCSE ya 2023, wastani hukokotolewa kwa hisabati, lugha moja na masomo mengine matano bora. Tuchukue mtahiniwa wa kubuni mwenye alama hizi: hisabati 5, Kiingereza 3, Kiswahili 7, baiolojia 6, kemia 6, historia 5, jiografia 5 na kilimo 5. Kwa utaratibu wa awali, uliolazimisha Kiingereza kuhesabiwa, angepata jumla ya 37, yaani C-. Kwa utaratibu wa sasa hupata 39, yaani C. Kiswahili kimemfungulia mlango.

Je, aliyekosa C afanyeje? Anaweza kurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kibinafsi. Aidha, zipo kozi za cheti katika nyanja ya afya zinazodai gredi ya chini zaidi. Jambo la hatari ni kukimbilia chuo kisichotambuliwa. Chini ya sheria ya mwaka wa 2017, hakuna anayeruhusiwa kutibu kama afisa wa kliniki bila kusajiliwa na Baraza la Maafisa wa Kliniki. Mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa karo huko hubaki na karatasi isiyo na kazi.

Umuhimu wa Kiswahili hauishii kwenye fomu ya maombi. Migori ni makao ya Waluo, Wakuria na jamii nyinginezo, na inapakana na Tanzania. Tabibu anayezungumza Dholuo akimpokea mama Mkuria aliyebeba mtoto mwenye homa, mara nyingi Kiswahili ndicho daraja lao. Swali likieleweka vibaya, dawa nayo huweza kukosewa.

Kwa hivyo, mwalimu wa Kiswahili asiwaambie wanafunzi wake kwamba somo hili ni la washairi na watangazaji pekee. Darasani mwake huenda ameketi tabibu wa kesho.