Kutoka uwanja wa shule hadi Wimbledon: Mzazi ajifunze nini kwa Angella Okutoyi?

Ifakara. Mzazi wa Ifakara, Mang'ula au Mlimba anapoona mwanawe anacheza vizuri kuliko wenzake, maswali mawili humjia kwa pamoja. Mtoto huyu anaweza kufika wapi? Na fedha za kumfikisha huko zitatoka wapi? Lipo na swali la tatu, ambalo mara nyingi huulizwa kwa kuchelewa: afya na masomo yake vitabaki salama njiani?

Safari ya mchezaji tenisi wa Kenya, Angella Okutoyi, inagusa maswali yote matatu.

Ni kweli kwamba tenisi si mchezo wa kila siku katika Bonde la Kilombero. Watoto wengi wa huku huanza na soka, netiboli au riadha, wakapimana nguvu kwenye UMITASHUMTA wakiwa shule ya msingi na baadaye UMISSETA wakiwa sekondari. Hata hivyo, ngazi aliyopanda binti huyu inafanana na ya mchezo wowote, na mzazi anaweza kuihesabu hatua kwa hatua.

Alilelewa na bibi

Okutoyi alizaliwa Nairobi Januari 29, 2004, yeye na pacha wake. Mama yao alifariki dunia wakati wa kujifungua, na watoto hao wakalelewa na bibi yao, aliyekuwa mfanya usafi katika Shule ya Msingi Loresho jijini humo. Angella alianza kushika raketi akiwa na miaka minne hivi, chini ya mjomba wake ambaye ni kocha.

Tenisi ni mchezo wa gharama. Raketi, nyuzi zake, mipira, viatu na nauli za mashindano vyote vinahitaji fedha, na familia hiyo haikuwa nazo. Ilichokuwa nacho ni bibi aliyesimama imara nyumbani na ndugu mwenye ujuzi wa kufundisha. Misaada ya vyama vya tenisi ilikuja baadaye, baada ya kipaji kuonekana.

Ngazi ina vidato vyake

Tenisi ya dunia imeweka mipaka ya umri, na mipaka hiyo ina sababu. Mwaka 1990, Jennifer Capriati wa Marekani aliingia kwenye mashindano ya kulipwa akiwa na miaka 13. Alishinda sana, lakini miaka michache baadaye, akiwa bado kijana mdogo, aliuacha mchezo kwa muda kabla ya kurudi akiwa mtu mzima na kutwaa mataji makubwa. Kuanzia mwaka 1995, tenisi ya wanawake ikaweka kanuni: msichana aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kucheza mashindano ya kulipwa, na kuanzia miaka 14 hadi 17 idadi ya mashindano yake ina kikomo.

Upande wa vijana, mashindano ya kimataifa ya Shirikisho la Tenisi la Kimataifa huanza mtoto anapotimiza miaka 13 na kuishia 18. Kwa wadogo zaidi, tangu mwaka 2012 mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini hayatumii mpira wa kawaida wa njano. Hutumika mipira laini na ya mwendo wa pole, ili mkono na bega la mtoto visibebe mzigo wa mtu mzima.

Okutoyi aliipanda ngazi hiyo kwa mpangilio. Mwaka 2021 alitwaa ubingwa wa Afrika kwa vijana wa chini ya miaka 18. Januari 2022, akibakiza siku chache kutimiza miaka 18, alikwenda Melbourne, Australia, na kuwa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi katika mashindano ya vijana ya yale makubwa manne ya dunia. Alifika raundi ya tatu.

Julai mwaka huohuo alikuwa Wimbledon, Uingereza. Katika mchezo wa wawili wawili kwa wasichana, yeye na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walifika fainali na kukutana na Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko. Walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakashinda ya pili 6-4, kisha wakamaliza kazi kwa pointi 11-9 katika seti fupi ya mwisho. Hakuna Mkenya aliyewahi kutwaa taji katika ngazi hiyo kabla yake.

Aliyeshindwa naye alifika

Mzazi asiishie kwa washindi. Mboko, ambaye wazazi wake walitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, alikuwa na miaka 15 alipoondoka uwanjani siku ile akiwa ameshindwa. Agosti 2025, jijini Montreal, alitwaa ubingwa wa mashindano ya wakubwa ya Canada baada ya kumshinda Naomi Osaka katika fainali. Alikuwa bado hajafikisha miaka 19.

Kwa hiyo, fainali ya utotoni haimalizi habari ya mtoto. Maneno atakayoambiwa akirudi nyumbani baada ya kushindwa yana uzito mkubwa, kwa sababu ndiyo yatakayoamua kama kesho atataka kurudi uwanjani.

Chuo kwanza

Baada ya Wimbledon wengi wangetarajia Okutoyi aache kila kitu na kufuata mashindano ya kulipwa. Mwaka 2023 alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn nchini Marekani, akaichezea timu ya chuo huku akisoma.

Njia hiyo ina hesabu yake. Mchezaji mchanga wa kulipwa hujilipia safari, malazi na kocha, na zawadi za mashindano madogo mara nyingi hazitoshi kurudisha gharama hizo. Chuo humpa mwanafunzi mwanamichezo walimu, madaktari, uwanja na mechi za kila wiki, na goti likikataa siku moja, bado ana elimu mkononi.

Machi 2024, Okutoyi alitwaa medali ya dhahabu ya mchezo wa mmoja mmoja katika Michezo ya Afrika mjini Accra, Ghana. Njiani alimwangusha Mayar Sherif wa Misri, mmoja wa wachezaji bora wa bara hili. Lakini dhahabu hiyo haikumfikisha kwenye Olimpiki ya Paris mwaka huo, kwa sababu bingwa wa Afrika alitakiwa pia kuwa ndani ya wachezaji 400 bora wa dunia. Pointi hizo hupatikana kwenye mashindano ya kulipwa, moja baada ya jingine, na ndiyo kazi inayomkabili mchezaji wa umri wake.

Mwili wa mtoto una lugha yake

Mtoto wa miaka 12 anayefanya mazoezi si mtu mzima mdogo. Mifupa yake bado inakua, na sehemu laini za ukuaji kwenye goti, kisigino, kiwiko na bega huumia zikitumiwa kupita kiasi. Maumivu chini kidogo ya goti au nyuma ya kisigino kwa mtoto anayerefuka haraka hayatibiwi kwa kumwambia ajikaze. Anahitaji kupumzika, na yakiendelea apelekwe hospitali.

Wataalamu wa afya ya watoto wana kipimo rahisi: saa za mazoezi ya mchezo mmoja kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto. Mwenye miaka 10 asizidi saa 10. Awe na siku moja au mbili za kupumzika kila wiki, na kwa mwaka apate miezi miwili au mitatu mbali na mchezo wake mkuu, akicheza michezo mingine. Kumfunga kwenye mchezo mmoja mapema huongeza majeraha, na wapo wanaouchoka mchezo kabisa kabla ya kumaliza sekondari.

Kwa wakazi wa bonde, joto nalo ni jambo la kuangaliwa. Mazoezi yafanyike asubuhi au jioni, na mtoto anywe maji kabla kiu haijamshika. Akilalamika kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu juani, atolewe mara moja, apelekwe kivulini, avuliwe nguo nzito na kumwagiwa maji. Akianza kuchanganyikiwa au kuzimia, ni dharura ya hospitali. Mwenye homa asiende uwanjani hata kama kesho kuna mechi. Apimwe malaria kwanza.

Chakula hakihitaji duka la mbali. Wali, samaki wa mtoni, maharage, mboga za majani na ndizi humtosha mwanamichezo mdogo, mradi kiasi kiongezeke kadiri mazoezi yanavyoongezeka. Kwa msichana, hedhi ikikatika miezi mitatu mfululizo tangu aanze mazoezi makali, mzazi asiifurahie kama nafuu. Inaweza kuwa dalili kwamba mwili unatumia kuliko unavyolishwa, na mifupa yake iko hatarini. Amwone daktari, kwa sababu zipo sababu nyingine pia.

Maswali ya kumuuliza kocha

Kabla ya kumkabidhi mtoto, mzazi ana haki ya kuuliza mazoezi ni saa ngapi kwa wiki, nani anasafiri na watoto, wanalala wapi, mtoto akiumia nani anampeleka hospitali, na vipindi vya shule alivyokosa vitafidiwa vipi. Kocha mzuri hatakwazika na maswali hayo.

Kisha amuulize mtoto mwenyewe kama bado anaupenda mchezo. Alijibu hivyo mwaka jana, lakini aulizwe tena mwaka huu, na mzazi awe tayari kulisikia jibu lolote atakalopewa.