Yusuf Haji na mkono wa mwanawe

Mzee Yusuf Haji alipofariki Nairobi tarehe 15 Februari 2021, akiwa na umri wa miaka 80, tanzia zilimiminika na karibu zote zilisoma vyeo: mkuu wa mkoa, mbunge wa Ijara, waziri wa Ulinzi, seneta wa Garissa, mwenyekiti wa jopo la mpango wa maridhiano wa BBI. Mwishoni ilitajwa kwa heshima familia yake, kisha nukta. Nukta hiyo imenikera tangu wakati huo. Ubaba wa mzee huyu si pambo la kufungia tanzia. Ni ushahidi kuhusu maisha yake, tena mzito kuliko vyeo, na unastahili kupimwa vivyo hivyo.

Ushahidi wenyewe umo pichani. Tarehe 21 Septemba 2013, magaidi wa Al-Shabaab walipovamia jumba la maduka la Westgate jijini Nairobi, Goran Tomasevic wa shirika la Reuters alimpiga picha mtoto wa kike wa miaka minne akikimbia peke yake kwenye sakafu tupu, kuuelekea mkono ulionyooshwa. Mkono ule ni wa Abdul Haji, mwana wa Mzee Yusuf. Kwa masimulizi ya Abdul mwenyewe, alipokea ujumbe wa simu kutoka kwa nduguye aliyekwama ndani, akiomba aombewe dua. Abdul hakuishia kwenye dua. Alishika bastola yake ya leseni akaingia, bega kwa bega na polisi wasio na sare na wahudumu wa Msalaba Mwekundu. Ndani wakamwona mama amejibanza nyuma ya meza. Walipomhimiza akimbie, alijibu kwamba ana watoto watatu na hawezi kuwabeba wote. Basi mkubwa wao aje kwetu, Abdul akamwambia, na mtoto akachomoka. Abdul, ambaye naye ni baba wa mabinti, alisema baadaye kwamba kumwona mtoto yule akiwakimbilia watu wenye bunduki bila kulia kuliwatia moyo wote waliokuwa pale. Alipoitwa shujaa alikataa: Mkenya yeyote, alisema, angewaokoa binadamu wenzake bila kuuliza dini wala taifa.

Kuna watakaosema tendo la mwana ni la mwana, na baba asivishwe taji lisilo lake. Ni kweli, hakuna baba anayeweza kumpigia mwanawe hatua ile ya kwanza mlangoni. Lakini ndugu kumwita ndugu saa ya kifo, naye akaja mbio, ni tabia inayojengwa nyumbani kwa miaka mingi kabla ya siku ya kuhitajika. Tena haikukomea kwa ndugu. Nduguye alinusurika, ila wengi waliotolewa na kundi lile hawakuwa jamaa zake hata kidogo. Mapenzi ya familia yanayovuka ukuta wa nyumba namna hii, mimi nayahesabu kuwa kazi ya baba.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye vyeo vyenyewe. Mzee Haji ndiye aliyekuwa waziri wa Ulinzi jeshi la Kenya lilipoingia Somalia Oktoba 2011, na Al-Shabaab walidai Westgate ilikuwa kisasi cha hatua hiyo. Garissa ilikuwa imekwisha kuonja mashambulizi: waumini waliuawa makanisani Julai 2012, na baada ya Westgate, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliangamia katika Chuo Kikuu cha Garissa. Kwa hiyo uamuzi wa serikali aliyoitumikia ulifika hadi kwa wanawe, kama ulivyofika kwa wazazi wengine ambao watoto wao hawakurudi. Vilevile alikuwa mkuu wa mkoa wa Bonde la Ufa katika miaka ya 1990, miaka ya mapigano ya kikabila, na maswali ya wakati ule hayakuzikwa naye. Baba mwema hafuti hesabu ya mtumishi wa umma. Nashikilia tu kwamba wanaomdai majibu na wanaomlilia wanamzungumzia mtu mmoja.

Limebaki suala la kiti. Mwaka 2021 Abdul alirithi useneta wa baba yake bila kupingwa. Wapo wanaoliona hilo kuwa heshima ya msiba, na ni hoja ya haki, lakini mpigakura wa Garissa hakupewa karatasi ya kuchagua. Mwaka uliofuata ilibidi Abdul aombe kura kama wagombea wengine, na akashinda. Ni kura ngapi kati ya hizo zilikuwa zake, na ngapi zilikuwa za mzee?