Muumishi anayewarudisha wateja

Kabla hajagusa pembe wala kikombe, mzee huyu wa Ng'ambo, Unguja, anakuvuta ukope wa chini. Anakusogeza mlangoni penye mwanga, anaweka kidole gumba chini ya jicho, anavuta taratibu, anautazama ule utando wa ndani. Akiuona mwekundu anasema, "Vua shati." Akiuona umepauka anasema, "Nenda kapime damu," na hapo hakuna tena la kujadili.

Asubuhi niliyokaa barazani kwake ilikuwa ya siku ya kumi na saba ya mwezi kwa hesabu ya Kiislamu. Kumi na saba, kumi na tisa na ishirini na moja ndizo siku ambazo waumishi hujaza nyumba, maana zimetajwa katika hadithi za Mtume. Watu walikuwa wameanza kupanga foleni tangu baada ya sala ya alfajiri. Wanaume walikaa barazani. Wanawake waliingia ndani, kwa mkewe, ambaye naye ni muumishi. Akatokea kijana aliyekuja kwa daladala kutoka Makunduchi, analalamika kichwa kizito na uchovu usiokwisha. Mzee akamvuta ukope, akauachia.

"Leo sikuumiki, mwanangu. Nenda hospitali wakakupime wingi wa damu."

Kijana akatoa pesa mfukoni, akionyesha kuwa hakuja bure. Mzee akairudisha mikononi mwake.

"Hela nimeiona. Damu ndiyo sijaiona."

Nilikuwa nimekwenda kuandika habari za pembe. Niliambiwa mzee huyu ni miongoni mwa waumishi wachache waliobaki mjini wenye kujua kuumika kwa pembe ya ng'ombe, na nilitaka kuiona kabla haijawa kitu cha makumbusho. Nikaiona, na nitaieleza. Lakini siku zote tangu hapo kinachonirudia ni yule kijana akishuka barazani na pesa zake mkononi. Ni biashara gani hii ambayo mwenye duka anamfukuza mnunuzi?

Tuanze na pembe. Ni ya ng'ombe, urefu wake hauzidi shibiri, imekwanguliwa ndani na nje mpaka ikawa nyepesi. Mikono ya miaka mingi imeing'arisha ikawa rangi ya kahawa. Mdomo wake mpana umesuguliwa ukawa laini usikate ngozi. Ncha imekatwa na kutobolewa tundu dogo. Juu ya tundu hilo ndipo inapokaa nta ya nyuki, na nta hiyo ndiyo iliyonishangaza kuliko pembe yenyewe.

Mzee anamega kipande, anakitia kinywani, anakitafuna. Anaendelea kuzungumza na mteja huku nta inalainika shavuni. Mteja siku hiyo alikuwa mchukuzi wa bandarini, mgongo mpana, maumivu yako chini ya bega la kulia. Mzee anapapasa kwa vidole viwili mpaka anafika mahali ambapo mtu mwenyewe anashtuka. Hapo anapaka maji, anaweka mdomo mpana wa pembe, anainama, anatia ncha kinywani. Anavuta. Mashavu yanabonyea, mishipa ya shingo inasimama. Anavuta tena, na tena, na katika mvuto wa mwisho ulimi unaisukuma ile nta mbele, unaziba tundu. Anainua kichwa. Pembe imesimama peke yake mgongoni, haishikwi na mtu.

Anasimamisha nyingine kando yake, kisha anakaa kusubiri. Baada ya dakika chache anaitoboa nta kwa mwiba. Hewa inaingia kwa mlio mdogo, pembe inaachia. Ngozi iliyokuwa ndani imeumuka kama andazi, duara kamili la rangi ya zambarau. Mchukuzi anazungusha bega, anavuta pumzi ndefu, anasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo wa siku nzima.

Alichofanyiwa ni kuumikwa kukavu, bila kuchanjwa. Pembe siku hizi inaishia hapo tu. Kazi ya damu anaifanya kwa vikombe vya plastiki na pampu ya mkono, vikombe vipya kwa kila mtu, wembe mpya, mipira mikononi.

"Zamani tulikuwa tunaweka pembe, tunatoa, tunachanja, tunarudisha, tunavuta tena kwa mdomo juu ya damu," anasema. "Ami yangu amefanya hivyo maisha yake yote. Wembe mmoja unanolewa, unapita kwa watu kumi. Hatukujua. Ulipokuja ukimwi, miaka ile ya themanini, akaja daktari mmoja kijana hapa hapa barazani, akatueleza kwa adabu. Ami akanyamaza siku nzima. Kesho yake akasema: damu kwa mdomo basi."

Ami huyo ndiye aliyemfundisha. Mafunzo yalianza na nta. Kwa muda mrefu kazi ya mtoto ilikuwa kuitafuna na kuchota maji, kisha kujifunza kuvuta juu ya paja lake mwenyewe. Mara ya kwanza pembe ilianguka. Ikaanguka mpaka mashavu yakamuuma. Kuchanja kulikuja mwisho kabisa, baada ya kufundishwa kutazama macho, kucha na ulimi, na kuuliza: unalala vipi, umekula nini, unatokwa na damu puani, una mimba, una kisukari. "Ami alikuwa anasema, anayejua kutoa damu ni mwenye kujua nani asitolewe. Nikamwambia, sasa si utanifundisha kazi ya kukaa bila kazi? Akanipiga kofi." Anacheka akikumbuka.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa kuumika ni nini, wala kwamba sisi hatukuanzisha. Al-Zahrawi, tabibu wa Cordoba aliyefariki mwaka 1013, aliandika juu ya vyombo vya kuumikia na kuvichora. Wachina wana vikombe vyao vya moto. Mwaka 1929 George Orwell alilazwa katika hospitali moja ya Paris akaumikwa kwa glasi na kuchanjwa, na aliandika baadaye jinsi alivyochukizwa. Kisha mwaka 2016, katika Olimpiki ya Rio, Michael Phelps akaingia bwawani na maduara ya zambarau mabegani. Mzee anaikumbuka picha hiyo. Wajukuu walimletea kwenye simu. Anasema tangu hapo vijana wa mazoezi wameongezeka kwake, wengine hawajui hata kuwa jambo hilo lina sunna.

Bei yake ni ndogo, na ana hoja. Abu Taiba alimuumika Mtume, akalipwa pishi mbili za chakula. "Basi muumishi alipwe," anasema, "maana Mtume alilipa. Lakini pishi mbili za chakula si jumba." Ameomba jina lake lisiandikwe, kwa kuwa foleni aliyonayo inamtosha.

Nilimuuliza swali ambalo daktari yeyote angemuuliza. Watu wanasema wanakuja kutolewa damu chafu. Lakini damu husafishwa na ini na figo, na hakuna ghala mgongoni ambako uchafu unakaa kungoja pampu. Damu inayoonekana nyeusi kikombeni ni nyeusi kwa sababu ina oksijeni kidogo, na inaganda kwa sababu kuganda ndiyo tabia ya damu ikishatoka mshipani. Nilitarajia akasirike. Akafikiri kwanza.

"Mimi sina darubini. Kilichomo ndani yake sikijui. Ninachojua ni ilikotoka: imetoka palipokuwa panauma, na mtu akainuka akasema pamepoa. Hao wenye darubini waje watazame, mlango uko wazi."

Wametazama kidogo. Tafiti zilizofanyika katika nchi mbalimbali, nyingi zikiwa ndogo, zinaonyesha baadhi ya watu wenye maumivu sugu ya shingo na kiuno hupata nafuu baada ya kuumikwa. Ugumu ni kwamba dawa ya kidonge hupimwa kwa kumpa mgonjwa mmoja dawa na mwingine kidonge kitupu, wote wasijue nani kapewa nini. Kikombe ni vigumu kukificha. Mara nyingi mtu akivutwa ngozi anajua kavutwa, na asipovutwa anajua. Je, nafuu ya mchukuzi yule ilitoka kwenye pembe, au kwenye mikono iliyopapasa hadi ikapata mahali penyewe, au kwenye dakika zile za kulala kifudifudi bila gunia mgongoni? Sina jibu, na sijakutana na mwenye nalo. Lakini kwa kisukari, shinikizo la damu au saratani, magonjwa ambayo siku hizi yanaandikwa kwenye mabango ya hijama, yaani kuumika, barabarani, hakuna ushahidi wa kumfanya mtu aache matibabu yake. Mzee mwenyewe hana bango. "Mwenye presha namuuliza kwanza: umemeza dawa leo? Akisema ameacha, simgusi mpaka arudi kumeza."

Na ukope? Ni kipimo cha kweli. Wauguzi hufundishwa kuutazama, kwa sababu utando uliopauka ni dalili ya upungufu wa damu. Lakini jicho hukamata zaidi upungufu uliokwisha kuwa mkubwa. Mdogo humpita hata daktari. Ina maana wapo waliopita mbele ya mzee huyu wakaambiwa "vua shati" ilhali ilipasa warudishwe. Nilimwambia hivyo. Akaitikia kwa kichwa. "Ndiyo maana ninachukua kidogo," akasema, akanionyesha kikombe: damu haikufika hata nusu. Ningetamani kuwe na mashine ndogo ya kupimia damu juu ya meza yake, ile ya kuchoma kidole. Mtu aliyejifunza kutazama macho tangu utoto angeijua thamani yake siku hiyo hiyo.

Kinachomsumbua yeye si hospitali. Ni sanduku. Siku hizi vikombe vya plastiki vinauzwa vikiwa vimepangwa ndani ya sanduku pamoja na pampu yake, na yeyote anaweza kununua. Kijana anatazama video kwenye simu jioni, kesho ameanza kuita watu. Nilimwambia si afadhali, maana plastiki ni safi kuliko pembe iliyopita vinywani?

"Plastiki ni safi, sibishi. Mimi mwenyewe naitumia. Lakini pampu inavuta hata kama hujui kitu. Pembe ilikuwa haivuti mpaka ujue. Ilikuwa inakuchelewesha. Miaka unayohangaika nayo ikianguka, ndiyo miaka uliyokuwa unamtazama ami akiwarudisha watu. Sasa huyu wa sanduku, kamwona nani akirudisha mtu?"

Maneno hayo nimeyabeba. Pembe haiwezi kurudi kwenye damu na hakuna mwenye akili anayetaka irudi. Lakini ugumu wake ulikuwa mlango, na mlango huo umeng'olewa bila kuwekwa mwingine. Sheria zipo: Bara ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na baraza lake la kusajili waganga, na Zanzibar ina baraza lake. Kusajili jina na anwani ni jambo moja. Nani anapima kama mwenye cheti anajua kumwambia mteja "leo hapana"?

Mzee ana watoto wa kiume. Mmoja ni fundi umeme, mwingine yuko Muscat. Binti yake ndiye anayekaa na mama yake ndani, akihudumia wanawake, na kwa maelezo ya baba amekwisha kuwa mkali wa macho kuliko wote. Pembe haitaki. Anasema nta inamtia kichefuchefu. "Aache pembe," anasema mzee. "Macho ndiyo nilitaka achukue."

Kuhusu yule kijana wa Makunduchi sikupata habari zaidi. Sijui kama alikwenda kupimwa, au alikwenda mtaa wa pili kwa mwenye sanduku.

Basi ndugu msomaji, ukiamua kuumikwa, na wengi wenu mtaendelea kuumikwa, nenda ukiwa umepima damu. Wembe ufunguliwe kwenye karatasi yake mbele ya macho yako, vikombe viwe vipya, mipira iwe mikononi. Ukiwa mjamzito, una kisukari au selimundu, au unatumia dawa za kuzuia damu isigande, sema kabla hujavua nguo, na zungumza kwanza na daktari wako. Kama muumishi hakukuuliza hata swali moja, vaa shati lako uondoke. Na dawa ulizoandikiwa hospitali, endelea kuzimeza.