Gari Lililofika Kasongo na Siri Zake

Leo nawasimulia, vijana, hadithi ya gari. Si gari la mtu mnayemjua. Nimeliunda mwenyewe kwa vipande vya magari mengi ya kwetu, ili niweze kuwafungulia boneti na kuwaonyesha yaliyomo. Tuseme ni Toyota Land Cruiser nyeupe, linatumia mazutu, na limenunuliwa na papa mmoja anayebeba mchele na mawese kati ya Kasongo, Lusangi na Kabambare. Papa huyo ana binti wa miaka kumi na miwili. Mtazameni sana huyo binti.

Gari lilitembea kwanza Japani, kwenye lami. Kisha likapandishwa meli hadi Dar es Salaam, likavuka Tanzania hadi Kigoma, likavushwa ziwa Tanganyika hadi Uvira. Kutoka hapo likashika njia ya Baraka na Fizi, likageukia magharibi, likaingia Maniema. Huko ndiko ilikopita misafara ya wapagazi wa karne ya 19, waliotoka Ujiji kwenda Kasongo, mji wa mfanyabiashara Tippu Tip. Milima ni ileile, na mito ya kuvuka ni ileile.

Gari linapoegeshwa uani, majirani wanakuja kulishika. Papa anafurahi, na anataka kupakia mchele kesho yake alfajiri. Binti anauliza: "Papa, mafuta ya injini yalibadilishwa lini?"

Papa hajui. Aliyemuuzia hajui. Aliyemuuzia yule naye hakujua. Wote walijua bei tu.

Basi shikeni kanuni ya mafundi wazuri: katika gari lililokwishatumika, kazi ambayo huna ushahidi kwamba ilifanyika, ihesabu kuwa haikufanyika. Ni kanuni ya gharama, nakubali. Papa alikuwa ametenga pesa za redio yenye spika kubwa na safu ya taa za kufunga juu ya paa. Binti akamwomba pesa hizo ziende kwanza kwa fundi, naye akakubali, ingawa si siku ileile.

Fundi alipofika, binti alimwuliza: "Papa fundi, tunaanzia wapi?"

"Tunaanzia kusoma, mama. Leta daftari."

Na kweli gari linasomeka. Ukifungua mlango wa dereva au boneti la gari lililotoka Japani, mara nyingi utakuta vibandiko vidogo vilivyoachwa na mafundi wa huko, vinavyosema mafuta au mkanda ulibadilishwa lini na gari likiwa limetembea kilomita ngapi. Maandishi ni ya Kijapani, lakini namba ni zetu sote. Jihadharini na mwaka tu, kwa maana Wajapani huhesabu pia miaka kwa zama za wafalme wao. Zama za Heisei zilianza 1989, na za Reiwa zilianza 2019. Kibandiko kikiandika mwaka wa 20 wa Heisei, ongezeni 1988, mtapata 2008. Binti alipiga hesabu hiyo haraka kuliko fundi.

Matairi nayo yana tarehe. Tafuteni ubavuni mwa tairi kiduara kirefu chenye tarakimu nne. Ikiwa ni 2316, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira huzeeka hata kama haukutembea. Hukauka, hupata nyufa nyembamba, na siku ya jua kali na mzigo mzito hupasuka mzima. Tairi linaweza kuwa na meno marefu ya kupendeza na bado likawa zee.

Kisha fundi akamwambia binti aangalie mpira wa pedali ya breki. Saa ya kilomita ilionyesha 90,000, lakini mpira ulikuwa umelika hadi chuma kinaonekana. Saa ya kilomita inaweza kurudishwa nyuma na mtu mwenye tamaa. Ni watu wachache wanaokumbuka kubadilisha mpira wa pedali.

Sasa injini. Ndani yake kuna valvu zinazofunguka na kujifunga, na pistoni zinazopanda na kushuka, na vyote viwili hupita mahali pamoja kwa zamu. Katika injini nyingi, mwenye kupanga zamu hiyo ni mkanda wa mpira uliofichwa nyuma ya kifuniko. Mafundi huuita mkanda wa taimingi. Land Cruiser nyingi za mazutu zina taa kwenye dashibodi iliyoandikwa T-BELT, na kilomita zikifika 100,000, au 150,000 kwa baadhi, inawaka kusema mkanda ubadilishwe. Mkanda ukikatika barabarani, zamu inavurugika, pistoni inagonga valvu, na injini nzima inaharibika mara moja. Saa ya kilomita ikiwa imedanganya, taa nayo imedanganyika. Fundi hakungoja taa. Alifungua, akaweka mkanda mpya, na binti akaandika tarehe.

Baada ya hapo walimwaga mafuta yote ya zamani: ya injini, ya gia, na ya difu, yaani gia za ekseli zinazozungusha magurudumu, ya mbele na ya nyuma. Mafuta ya injini yalitoka meusi na mazito, jambo ambalo si ajabu kwa gari la mazutu. Ya difu ya nyuma ndiyo yaliyomfanya fundi anyamaze. Yalikuwa na rangi ya maziwa yenye chai.

"Maji yameingia," alisema.

"Yalipita wapi, na hakuna tundu?"

Swali zuri sana hilo, na jibu lake mnaweza kuliona kwa macho yenu. Chukueni chupa ya plastiki tupu, iacheni wazi juani mpaka ipate moto, ifungeni vizuri, kisha itumbukizeni kwenye maji baridi. Itajikunja na kubonyea kama imekamuliwa na mkono. Hewa iliyokuwa na moto imepoa, imesinyaa, na hewa ya nje inaisukuma chupa kuelekea ndani. Difu nayo hupata moto gari likitembea. Dereva akiingia mtoni bila kungoja, chuma kinapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, lakini chuma hakiwezi kubonyea. Basi kinafyonza maji kupitia sili zilizochoka au kupitia kipumulio chake kidogo kilicho juu ya ekseli. Maji yakichanganyika na mafuta, meno ya difu hayalainishwi tena, yanasagana.

Hapa ndipo naomba mnielewe vizuri, kwa sababu uboreshaji wa kwanza ninaoupenda kuliko wote unatokea hapa, na ni wa bei ndogo. Fundi alichukua mpira mwembamba mrefu, akauunganisha na kile kipumulio, akaupandisha mpaka juu ndani ya boneti, akaufunga mbali na moto. Tangu siku hiyo difu ikifyonza, inafyonza hewa ya juu, si maji ya mto. Hakuna mpita njia atakayeuona mpira huo na kusifu gari. Mimi nausifu.

Adui wa pili, baada ya maji, ni vumbi. Kuanzia mwezi wa 6 hadi wa 8 barabara zetu nyekundu hugeuka unga, na gari linalofuata lingine humeza wingu zima. Vumbi hilo ni mawe yaliyosagika. Likipita kwenye filta ya hewa iliyotoboka, linaingia ndani ya silinda na kukwangua kuta zake kama msasa, mpaka injini inaanza kula mafuta na kutoa moshi wa bluu. Filta ya karatasi haioshwi kwa maji, wala haigongwi kwenye jiwe kwa nguvu, maana karatasi hupasuka mahali usipopaona. Hupulizwa taratibu, upepo ukitoka upande wa ndani kwenda nje. Ukiinua filta juani na kuona mwanga ukipenya kama nukta, itupe. Na katika vumbi la namna hii, mafuta ya injini na filta yake yasipitishe kilomita 5,000.

Wengine hufunga bomba refu linalopanda ubavuni hadi usawa wa paa, ili injini ipumue hewa ya juu. Ni kitu kizuri katika vumbi, na kizuri zaidi mtoni, kwa maana maji hayasindikiki kama hewa. Maji yakijaa kwenye silinda, pistoni haina pa kwenda, na mkono wake wa chuma unapinda. Lakini bomba lenye kiungo kinachovuja halina faida hata kidogo, na dereva mwenye bomba refu hujaribu mito ambayo mwenzake asiye nalo angeikwepa.

Kuna maji mengine yanayokuja kwa kununuliwa. Mazutu ya kwetu huuzwa mara nyingi katika bidoni na chupa pembeni mwa barabara, kwa wale wauzaji tunaowaita Kadafi. Wengi wao ni watu wa haki wanaofanya kazi ngumu, lakini bidoni lililonyeshewa mvua halijali haki ya mtu. Mimineni mawese kidogo na maji kwenye glasi, subirini. Maji yatakaa chini na mawese juu. Mazutu na maji hufanya vilevile. Kwa hiyo bidoni liachwe litulie usiku kucha, asubuhi mazutu yachotwe ya juu, na tone la chini lisiingie tangini. Chini ya filta ya mazutu, katika magari mengi, kuna koki ndogo ya kufungulia maji yaliyokusanyika. Binti alikabidhiwa kazi hiyo kila Jumamosi, akiwa na kikopo cha kukingia na fundi au papa akiwa karibu. Breki zilipewa mafuta mapya, kwa sababu mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na kwenye mteremko mrefu yakipata moto unyevu huo huchemka na pedali huzama bila kushika. Rejeta ilisafishwa kutu na kujazwa maji yake maalumu badala ya maji ya kijito. Kifuniko cha rejeta, vijana, hakifunguliwi injini ikiwa na moto. Wako watu wenye makovu usoni kwa sababu hiyo.

Papa akauliza kama sasa anaweza kufunga taa zake za paa. Fundi akamwomba kwanza wawashe za mbele usiku. Japani magari hupita kushoto, na taa zake za mbele hutupa mwanga juu kidogo upande wa kushoto, kuangazia ukingo wa barabara. Kwetu Kongo tunapita kulia, kwa hiyo mwanga uleule unampiga machoni anayekuja mbele yako: mwenye pikipiki, au mama mwenye kikapu kichwani. Taa zikabadilishwa kwa za upande wetu. Usukani ulibaki kulia, na kwa hiyo papa hawezi kuona vizuri anapotaka kulipita lori; lazima msaidizi wake aliyeketi kushoto amtazamie. Za paa zilifungwa baadaye, kwa waya mnene, fyuzi na relei. Waya mwembamba ukilazimishwa kubeba umeme mwingi hupata moto, na gari lenye mazutu na turubai si mahali pa kuchezea moto.

Bado kuna jambo la vipuri. Mwaka 1907 Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam akitaka kuvuka Afrika kwa gari hadi Swakopmund, pwani ya Atlantiki. Gari lake lilitengenezwa maalumu, limeinuliwa juu kwa ajili ya njia mbovu. Alifika 1909. Nyakati nyingine hakuwa akiendesha. Alikuwa akingoja vipuri kutoka Ulaya. Leo meli na ndege zina kasi zaidi, lakini gari likifa kati ya Lusangi na Kabambare, kipuri bado kinaweza kutoka Bukavu au mbali zaidi, na mzigo unaoza ni wa wakulima waliouamini. Kwa hiyo fundi hakutupa vipuri vyote vya zamani. Mikanda ya nje iliyokuwa bado inafaa, mipira ya maji, filta moja ya mazutu, na kipande kinene cha ubao wa kuwekea jeki matopeni, vyote viliingia sandukuni chini ya kiti. Sandukuni mna uboreshaji mkubwa kuliko redio yoyote.

Wenye pikipiki wasidhani nimewasahau. Mafuta, filta, cheni, breki, bujia, tarehe za matairi: mlango ni uleule, nyumba ni ndogo tu.

Safari ya kwanza ikawa Kabambare na kurudi, kwa nusu ya mzigo, kama fundi alivyoagiza. Gari liliporudi, papa alitaka kwenda kulala. Binti alikwisha kutandika gunia chini ya gari. Walikaza upya nati za magurudumu na boliti za springi, ambazo mashimo hulegeza. Waligusa sili za difu kutafuta unyevu, wakatia grisi kwenye viungo vya shafti, wakachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya injini na kukifuta kwa kitambaa cheupe. Kiboliti kimoja cha kizuia matope hakikuwepo tena. Binti akaandika kwenye daftari: tarehe, kilomita, boliti moja imepotea, upande wa kushoto nyuma, inunuliwe yenye nati ya kujikaza.