Akiba ya zawadi au ya riba: nani anakula, nani analiwa?

HIVI msomaji wangu, una laki tano zako mkononi. Benki moja inakuambia "weka hapa upate riba", ya pili inasema "weka hapa, huenda ukaondoka na gari". Utakwenda wapi?

Usijibu haraka. Kijiwe chetu hapa Kunduchi Mtongani kimegawanyika mapande mawili kwa swali hilo. Vijana wa daladala wanataka gari. Mzee mmoja mvuvi anasema gari la kuota halibebi samaki. Mimi nikaona ubishi hautaisha kwa kelele, nikachukua karatasi na kalamu.

TUANZE NA RIBA

Mwaka 2024, akaunti za kawaida za akiba hapa nchini zilikuwa zikilipa wastani wa karibu asilimia 3 kwa mwaka. Laki tano inazaa sh. 15,000. Usishangilie bado. Serikali nayo inachukua kodi ya zuio, asilimia 10 ya riba hiyo, yaani sh. 1,500. Unabaki na 13,500.

Sasa angalia upande wa pili. Mfumuko wa bei mwaka huohuo ulikuwa asilimia 3.1. Kitu cha laki tano kikapanda kwa sh. 15,500. Wewe umepata 13,500, bei imeshakupita. Na kama benki yako inakata elfu moja tu kila mwezi ya kuendesha akaunti, hiyo ni 12,000 kwa mwaka. Unabakiwa na 1,500, hela ya daladala.

Ndiyo maana vijana wanacheka wakiambiwa habari za riba. Siwalaumu.

ZAWADI INATOKA WAPI?

Hapa ndipo wengi hawaulizi. Benki haikupi gari kwa sababu inakupenda. Katika akaunti halisi ya zawadi, riba ambayo mngegawana nyote inakusanywa kapu moja, kisha wanapewa wachache.

Chukua mfano wangu wa karatasini. Watu 10,000 wameweka laki tano kila mmoja. Hiyo ni bilioni 5, na asilimia 3 yake ni milioni 150. Nunua gari moja la milioni 50, toa zawadi 100 za milioni moja moja. Kapu limekwisha. Waliocheka ni 101. Waliobaki, watu 9,899, hawana hata senti ya riba. Yaani kila watu mia, mmoja ndiye anayepiga vigelegele. Na lile gari limetoka kwenye 15,000 zako na za wenzako.

Mchezo huu si mgeni. Uingereza waliutangaza mwaka 1956, waziri wa fedha akiwa Harold Macmillan, na droo ya kwanza ikachezeshwa Juni 1957 kwa mashine iliyoitwa ERNIE. Upo mpaka leo: mtu haipotezi fedha aliyoweka, anaweza kuichukua anapotaka, kinachochezewa ni riba tu. Afrika Kusini benki ya FNB ilianza mwaka 2005 akaunti ya kushindania randi milioni moja kila mwezi. Watu wakajaa. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ikasema hiyo ni bahati nasibu na sheria hairuhusu, ikafungwa.

Kwetu tumezoea zaidi kampeni, kama Bonge la Mpango ya NMB ya mwaka 2021, ambayo waliojiwekea akiba waliingizwa kwenye droo. Hizo ni za msimu. Ngoma ikizimwa, unabaki na akaunti yako, riba yake na makato yake. Kwa hiyo chagua akaunti kwa hayo, gari liwe nyongeza.

USICHANGANYE MAMBO

Akiba ya zawadi siyo kubeti. Ukibeti elfu tano ukakosa, imekwenda. Kwenye akiba ukikosa gari, laki tano yako ipo palepale. Wala siyo DECI, ile ya "kupanda na kuvuna" iliyosimamishwa na serikali mwaka 2009, watu wakaachwa wakilia. Na akija mtu kwa ujumbe wa simu kwamba umeshinda, ila utume kwanza hela ya usajili, huyo ni tapeli. Futa.

Hata benki yenyewe iulize. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa mpigo. Bima ya amana ilikuwa inalipa mwisho milioni 1.5 kwa mteja. Mwaka 2023 ikapandishwa mpaka milioni 7.5. Laki tano iko salama kwenye benki yenye leseni, siyo mfukoni mwa mtu wa mtaani mwenye kitabu cha risiti.

NANI AENDE WAPI?

Dada mmoja anayekaanga samaki hapa pwani aliniuliza hivyohivyo. Laki tano yake ni ya friji la kuhifadhia samaki, na anajua mwezi anaolitaka. Nikamwambia: "Dada yangu, shida yako ina tarehe, bahati haina." Akaunti za muda maalumu mwaka 2024 zilikaribia asilimia 8. Hapo laki tano inazaa 40,000, toa kodi 4,000, unabaki na 36,000. Sharti lake ni kutoigusa mpaka muda uishe, na kwake hilo ni faida, maana mashemeji hawataikopa.

Lakini yule kijana ambaye kila Jumamosi anaacha elfu kumi kwenye mikeka, huyo namwambia akimbilie akaunti ya zawadi leo hii. Mwisho wa mwaka, hata asiposhinda kitu, atakuwa na laki tano na ishirini elfu ambazo zingekwenda na upepo. Na asiyetaka riba wala kamari kwa imani yake, benki za Kiislamu zipo, Amana ikiwemo tangu 2011.

Kabla hujasaini, uliza manne: riba kiasi gani, makato kiasi gani, washindi wangapi kati ya wangapi, na hela yangu naitoa lini? Karani akianza kukuonyesha picha ya gari badala ya kujibu, nyanyuka. Kazi kwako!