Maji ya kisimani nayo yana bei

Katika miaka ya 1980 wakazi wa Ukunda, mji ulioko Kwale, kusini mwa Mombasa, walikuwa na njia kadhaa za kupata maji. Walikuwapo waliochota kisimani, waliopanga foleni kwenye vioski, na waliomngoja mchuuzi awafikishie madumu mlangoni kwa mkokoteni. Mchuuzi alikuwa ghali kuliko wote, lakini wateja hakuwakosa, hata miongoni mwa watu wa kipato cha chini. Mtafiti Dale Whittington na wenzake wawili walizilinganisha bei hizo na muda ambao kila kaya ingetumia kwenda kuchota, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1990. Waliona kwamba kaya hizo ziliithamini saa yao karibu sawa na ujira wa kibarua asiye na ujuzi maalumu. Basi anayemlaumu mama kwa kununua maji ilhali kisima kipo amehesabu fedha tu. Kisima kinamdai mama asubuhi yake, na alichoshindwa kufanya asubuhi hiyo ndiyo gharama ambayo wanauchumi huiita gharama ya fursa.

Wapo watakaosema kwamba mama huyo hana ajira, kwa hiyo saa aliyookoa haimwingizii chochote. Hoja hii inawadhulumu wanawake. Saa hiyo ni ya palizi, ya kukaanga maandazi ya kuuza, ya binti kuwahi darasani badala ya kubeba dumu. Na hata ikiwa ya kupumzisha mgongo tu, bado ina thamani kwa mwenye mgongo. Watu wa Ukunda walilithibitisha hilo kwa fedha zao wenyewe.

Pingamizi lililo zito zaidi ni hili: kama maskini wako tayari kulipa kiasi hicho, mbona huduma zote zisitozwe? Hapa tahadhari inahitajika, kwa sababu utayari wa kulipa huchanganya haja ya mtu na kilichomo mfukoni mwake. Magharibi mwa Kenya, watafiti Jessica Cohen na Pascaline Dupas waliona kwamba vyandarua vilipotozwa senti 60 za dola badala ya kutolewa bure kwa wajawazito kliniki, waliovichukua walipungua kwa asilimia 60 nzima, na waliopewa bure walivitumia sawa na walionunua. Mbu hakuwa amepungua makali. Fedha ndiyo iliyokosekana. Kwa hiyo anayelipa ametuonyesha kwamba kitu kina thamani kwake, lakini asiyelipa hajathibitisha kwamba hakihitaji.

Kaunti na wakala za maji zinapoamua bomba lifike wapi, ziziandike saa za wachotaji kwenye hesabu ya mradi, tena kwa kiwango cha ujira wa kibarua na si kwa sifuri.